Mhusika anayevaa mizoga ya madubwana: tatizo lake hasa ni nini?

#1 Fundi Dadu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani mwezi wa nne huu.

Nasimamia meza ya wachezaji watano: mimi nasimulia hadithi na kuendesha madubwana, kila mchezaji ana mhusika wake, dadu zinaamua matokeo. Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, kanuni za 2014. Mmoja wao aliomba klasi, yaani aina ya mhusika, ambayo haimo kitabuni, tukakaa tukaitunga pamoja. Mhusika wake hana silaha ya maana wala uchawi wa kurusha. Kazi yake ni moja tu: dubwana likishauawa, anaingia ndani ya mzoga, anausimamisha na kuutumia. Mwili wake mwenyewe unabaki umelala kama gunia mpaka atakaporudi. Tunamwita Mvaamizoga.

Kwa hadithi, sijawahi kusimamia klasi tamu kama hii. Kwa hesabu imenishinda. Kikao kimoja anatamba peke yake, kinachofuata anakaa anaangalia wenzake wakipigana. Kanuni nimezibadilisha mara tatu.

Dai langu ni hili, mnikosoe: nguvu ya mizoga haina shida. Shida ni kwamba mimi msimamizi ndiye ninayeamua kesho atakuwa nani. Nikiweka panya, yeye ni panya. Nikiweka joka, yeye ni joka. Mpiganaji hanihitaji ili awe mpiganaji, lakini huyu ananitegemea kwa kila kitu. Aliyewahi kuisimamia au kuicheza klasi ya namna hii aje aniambie alifanyaje.

#2 Mzee wa Kanuni

Fundi, hapo nakupinga. Shida ni hesabu, na inaonekana bila hata kuvaa miwani.

Chukua mpiganaji wa levo ya 5 mwenye sifa ya Uimara (nguvu ya mwili kustahimili) 14. Levo ya kwanza ana pointi 12 za uhai (vipigo vinazipunguza, zikifika sifuri umeanguka), halafu kila levo anaongeza 8 ukitumia wastani wa kitabu. Jumla 44. Sasa Mvaamizoga wako mpe hizo hizo 44. Kundi limeua troli, ambalo lina 84. Akiingia ndani anakuwa na 84 za mzoga, na zikiisha anarudi kwenye 44 zake. Hizo ni 128. Mpiganaji aliyetangulia mbele na kula vipigo vyote ili troli life bado ana 44, tena zimeshapungua.

Hapo hata uweke panya au joka, uwiano umeshakufa.

#3 Bint Karatasi

Mzee wa Kanuni, hizo 84 umezitoa wapi? Nauliza kwa nia njema kabisa. Troli limekufa KWA SABABU pointi zake zimeisha. Limefika sifuri. Mvaamizoga anaingia kwenye mwili uliokwisha, halafu unamjazia tangi upya kama vile hakuna aliyelichanja mapanga?

#4 Mzee wa Kanuni

Swali zuri, na kitabu kina jibu la nusu. Toleo la tano linaeleza kwamba pointi za uhai ni mchanganyiko wa uimara wa mwili na wa akili, nia ya kuishi, na bahati. Yaani si kipimo cha nyama peke yake. Mzoga una nyama, lakini nia ya kuishi umeshaipoteza, na bahati ndiyo hiyo imeisha.

Ukilifuata hilo mpaka mwisho, nia inaletwa na anayeingia. Kwa hiyo pointi ziwe za kwake, mzoga umpe maungo tu: makucha, mabawa, ngozi ngumu, mwendo. Hapo najikuta nimebadilisha nilichosema #2, lakini afadhali.

#5 Komba

Hodi jamani. Mbona mnahangaika na kitu kilichokwisha kuandikwa? Kwenye kitabu cha madubwana cha 2018 kuna pepo anaitwa dybbuk. Hii ndiyo kazi yake kabisa: anaingia kwenye mzoga wowote, hata wa joka, anapata pointi za muda sawa na kiwango cha juu cha uhai wa marehemu. Zikiisha, anatoka. Mchukueni huyo, mkate makali kidogo, klasi imekamilika.

#6 Mzee wa Kanuni

Komba, umepatia kwenye pointi za muda, umekosea kwenye joka. Dybbuk anaruhusiwa mizoga ya wanyama wa kawaida na ya viumbe wa umbo la binadamu tu, na isizidi saizi Kubwa. Joka haingii, troli pia haingii. Mzoga wenyewe lazima uwe mzima, haujakatikakatika.

Nadhani waliweka mipaka hiyo kwa sababu hii hii tunayolalamikia. Na ujue dybbuk ni adui. Adui anaishi mapambano mawili matatu halafu basi. Mchezaji anaishi mwaka mzima mezani.

#7 Komba

Sawa mkuu, nimesahihishwa. La saizi nililisahau kabisa.

#8 Tumbiri

Mimi ni mtu wa gemu za kompyuta zaidi ya dadu, ila hili nimelicheza kwa namna mbili tofauti.

Ya kwanza ni Mortal Shell, ya 2020. Wewe ni kiumbe mwembamba, mweupe, dhaifu, unavaa miili ya mashujaa waliokufa. Iko minne. Uhai ukiisha unarushwa nje ya mwili, na una nafasi moja ya kukimbia kuurudia kabla adui hajakugusa. Zile sekunde za kukimbia uchi kuelekea mwili wako mwenyewe uliosimama hapo kama nguo kwenye kamba, sijapata kitu kingine kwenye gemu kinachobana kifua hivyo.

Ya pili ni ya zamani, Paradroid, ya 1985 kwenye Commodore 64. Pale unateka maroboti. Kila roboti lina namba ya tarakimu tatu, na kadiri linavyokuwa na nguvu ndivyo linavyokuunguzia muda haraka. Ukiteka 999 wewe ni mfalme, lakini mfalme wa muda mfupi sana.

Fundi Dadu, hiyo ya pili ndiyo dawa yako. Acha avae joka, ila joka limtupe nje baada ya raundi tatu. Panya avae siku nzima.

#9 Kaa Mtupu

Mortal Shell ilianza na minne, ni kweli, lakini nyongeza ya 2021 ilileta wa tano. Mengine yote ya Tumbiri nakubaliana nayo.

Ila angalia kitu. Kwenye Mortal Shell miili ni michache na imeandaliwa mmoja mmoja. Kwenye Paradroid maroboti yote yametoka kwenye orodha moja. Mezani msimamizi anaweza kubuni dubwana jipya usiku wa kuamkia kikao. Gemu ya kompyuta inajua mapema kila mwili utakaovaliwa, Fundi hajui. Kwa hiyo dai lake la #1 bado limesimama.

#10 Nesi wa Mifupa

Nasomea uuguzi, mwaka wa tatu. Naona mnatafuta saa ya kumtoa mtu ndani ya mzoga na mnaibuni, wakati mwili wenyewe unayo tayari.

Mtu akifa, misuli hulegea kwanza. Baada ya saa chache, mara nyingi mbili hadi nne, huanza kukakamaa, na huonekana mapema usoni na tayani. Kufika saa 12 hivi mwili wote umekuwa mgumu. Halafu unaanza kulegea tena taratibu, na kwa kawaida ndani ya siku moja na nusu hadi mbili na zaidi kidogo umeshalainika. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Sababu ni kwamba nyuzi za misuli zinahitaji nishati ili ziachiane baada ya kushikana. Mwili uliokufa hautengenezi nishati hiyo tena, kwa hiyo zinabaki zimeshikana mpaka zianze kuharibika.

Sasa geuza hilo liwe kanuni. Mzoga mbichi: unatembea kama ulivyokuwa hai. Mzoga uliokakamaa: ulinzi unapanda, mwendo unashuka nusu, huwezi kufungua mdomo wala kukunja vidole. Mzoga uliolegea: unasogea, lakini kila pigo linaondoka na kipande. Mchezaji anachagua wakati wa kuingia. Hakuna haja ya kumtupa nje kwa raundi tatu ambazo hazina maelezo.

#11 Tumbiri

Dada, sisi tulikuja kurusha dadu, wewe umetupeleka mochwari 😄

Ila hiyo ya kukakamaa kuwa ngao ni kali. Nimeipenda kuliko ya kwangu.

#12 Fundi Dadu (mleta uzi)

Asanteni wote. Nesi, hiyo naichukua kama ilivyo.

Ngoja niwape tukio moja ndipo mtaelewa kwa nini sitaki kuifuta klasi hii. Kundi lilikutana na waivani, lile joka la miguu miwili lenye mwiba wa sumu mkiani, kwenye daraja la mawe. Pointi 110, linaruka. Pambano lilikuwa gumu. Limebakiza kama 20 hivi, mwenye shoka akasema, "Napiga bawa." Mvaamizoga akainuka kwenye kiti, mkono juu: "Bawa usiguse! Piga shingo!"

Meza ikanyamaza. Mwenye shoka akaniuliza kama kupiga shingo ni vigumu zaidi. Nikamwambia ndiyo, punguza 5 kwenye dadu. Akafikiri, akapiga shingo, akakosa. Zamu iliyofuata waivani ikamtia mwiba mganga wao, akaanguka. Ndipo mwenye shoka akasema samahani, akapiga bawa, likavunjika, dubwana likafa.

Mvaamizoga aliingia hivyo hivyo. Alivuka daraja kwa miguu, bawa moja linaburuzika nyuma yake kwenye mawe, na kila mtu mezani alijua lile bawa limevunjwa na nani na kwa nini. Siku hiyo hakuna aliyeongelea pointi.

Tangu hapo kundi zima linaua kwa uangalifu. Wanajadiliana kabla ya kupiga. Klasi moja imebadilisha namna watu watano wanavyopigana, na hilo sikuliandika popote.

#13 Mzee wa Kanuni

Fundi, umejipinga mwenyewe hapo. Ulisema wewe ndiye unayeamua atakuwa nani. Kwenye daraja aliyeamua ni mwenye shoka.

#14 Msimamizi wa Usiku

Nami niliisimamia karibu mwaka, meza nyingine kabisa, kanuni tofauti kidogo. Kwangu hesabu haikusumbua hata siku moja. Kilichosumbua ni mdomo.

Tulikubaliana kwamba ukivaa mzoga unatumia koo la mzoga. Dubu-bundi hana maneno. Basi mchezaji wangu, ambaye kwa kawaida ni mzungumzaji kweli kweli, akawa anakaa saa nzima bila neno. Mwanzoni nilidhani ananuna. Kumbe alikuwa anacheza. Anagonga meza mara mbili kwa ndiyo. Anaelekeza kidevu. Kuna wakati kundi lilikuwa linataka kufungua mlango ambao yeye alishaona kilicho nyuma yake, na hakuna aliyemwangalia. Akaweka viganja vyote viwili juu ya ramani, akavilaza, akavifunika pale penye mlango. Hakusema kitu. Mpaka leo nikifikiria kile kikao naviona vile viganja.

Lakini wenzake walichoka. Mmoja aliniambia pembeni: "Rafiki yangu nimemkosa miezi miwili." Hiyo nayo ni hasara, na huwezi kuirekebisha kwa kupunguza pointi.

#15 Bint Karatasi

Natoka nje ya mada kidogo, mnivumilie. Jina Mvaamizoga linanisumbua. Mzoga ni wa mnyama, binadamu akifa ni maiti. Troli je? Goblini anayezungumza, anayevaa viatu, mwenye mama yake? Ukiuita mwili wake mzoga umeshaamua kwamba alikuwa mnyama, hata kabla dadu halijarushwa.

Na kuna la pili. Mezani mnasemaje akiwa ndani? "Mzoga unakimbia" au "anakimbia"?

#16 Fundi Dadu (mleta uzi)

Bint Karatasi, umenifanya nikae chini. Tunasema "anakimbia". Akitoka tu, tunarudi kwenye "umeanguka". Hakuna aliyetufundisha, tumejikuta tunasema hivyo. Nimemuuliza mwenye shoka sasa hivi kwa simu, naye anasema hajawahi kuliona.

#17 Komba

Basi mwiteni Mpangaji. Anahamia, anakaa, mkataba ukiisha anahama. Na nyumba akiiharibu hadaiwi na mtu, mwenye nyumba amekufa 😂

#18 Bint Karatasi

Komba, umesema kwa utani lakini nalipigia kura. Mpangaji.

#19 Kaa Mtupu

Jina langu humu limetokana na kaa yule anayeishi kwenye kombe tupu la konokono, kwa hiyo hili linanihusu. Kombe lake si mwili, ni nyumba tu, na akikua anahama. Lakini baharini kuna mwingine wa karibu zaidi na klasi hii, anaitwa Phronima. Ni mdogo, wa jamii ya mbali ya kamba. Anamkamata salpu, kiumbe laini kama pipa la kioo, anamla ndani mpaka abaki ganda, kisha anaingia na kuogelea nalo. Jike hulea watoto humo humo.

Ninachokiona ni kwamba Phronima hachukui nguvu za salpu hata moja. Anachukua umbo, analisukuma kwa miguu yake mwenyewe. Mzee wa Kanuni alisema hivyo hivyo #4: maungo ni ya mzoga, nia ni ya aliyeingia.

#20 Mzee wa Kanuni

Asante Kaa. Tena hesabu iko tayari, wala si ya kubuni. Pathfinder, mchezo mwingine wa mezani kama huu, toleo la pili la 2019, walichoka na watu kugeuka madubwana na kubeba namba zote za kitabuni. Wakaweka namba kwenye uchawi wenyewe. Ukigeuka mnyama kwa ule uchawi wa chini, ulinzi wako ni 16 jumlisha levo yako na unapata pointi 5 za muda, awe dubu au mbwa mwitu. Tofauti inabaki kwenye mwendo na shambulio. Hata D&D yenyewe, kanuni za 2024, druidi (mchawi wa porini anayejigeuza mnyama) akigeuka anabaki na pointi zake na kuongezewa za muda sawa na levo yake ya udruidi. Ile ya 2014 alikuwa anavaa pointi zote za mnyama.

Wote wawili wamefika mahali pamoja. Hiyo haitokei kwa bahati.

#21 Fundi Dadu (mleta uzi)

Mzee, kanuni hiyo naielewa na ni safi. Lakini nikiitumia, waivani na dubu vinakuwa kitu kimoja chenye rangi mbili. Lile bawa lililovunjika linaingia wapi? Nani atahangaika kupiga shingo kama namba ni zile zile?

#22 Mzee wa Kanuni

Bawa linaingia kwenye mwendo. Limevunjika, haruki. Namba za kupigana haziguswi, uwezo wa mwili ndio unaoguswa. Waliua vizuri, anapata vyote. Waliua ovyo, anapata vilivyobaki.

#23 Nesi wa Mifupa

Hilo nalikubali, ila fanyeni kila jeraha kubwa liandikwe wakati wa pambano, si baada ya pambano. Mkingoja dubwana life ndipo mkumbuke lilipigwa wapi, mtabishana mpaka asubuhi. Karatasi moja yenye mchoro wa mwili, anayepiga anaweka alama.

#24 Tumbiri

Na madubwana makubwa mno? Mimi hilo ndilo ningeliogopa. Jitu la urefu wa nyumba tatu.

#25 Komba

Tumbiri, Galileo aliliandika hilo mwaka 1638. Ukirefusha kiumbe mara mbili kila upande, uzito unakuwa mara nane, lakini eneo la mkato wa mfupa unaobeba linakuwa mara nne tu. Kwa hiyo jitu kubwa linasimama kwa uchawi wake lenyewe. Likifa, uchawi umetoka. Mpangaji akiingia anakuta mifupa haiwezi kubeba nyama. Magoti yanapasuka hatua ya kwanza. Hapo kikomo cha saizi umekipata bila kuandika "hairuhusiwi".

#26 Mzee wa Kanuni

Komba, safari hii sina cha kusahihisha.

#27 Msimamizi wa Usiku

Hakuna aliyegusa mwili wa mwenyewe uliolala kama gunia. Kwenye uchawi wa zamani wa Magic Jar, roho inakaa kwenye chombo, kito cha thamani ya dhahabu 500 au zaidi, mwili unabaki hoi, na mwili ulioingia ukifa ukiwa mbali ya futi 100 na chombo chako, umekwisha. Karibu kila kitu kwenye uchawi ule kimefungwa na umbali huo.

Sisi tuliweka hivyo hivyo, futi 100. Matokeo yake kundi likawa linambeba mgongoni. Siku moja walimwacha kwenye ujia na punda, wakasahau kuweka mlinzi. Waliporudi punda yupo, yeye hayupo. Tulicheza vikao sita vya kumtafuta, yeye akiwa ndani ya mzoga ambao kila siku unaharibika. Kama ni kusawazisha, hiyo ilitosha. Sikupunguza hata namba moja.

#28 Asiye na Ngozi

Habari za humu. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye Mvaamizoga wa meza ya Fundi. Ametutumia kiungo kwenye kundi letu.

Fundi, nakuheshimu sana, lakini #1 umeniandika vibaya. Umesema kuna vikao nakaa bila kazi kwa sababu hukuniwekea mwili. Ni vikao viwili. Cha kwanza ni kweli, vilikuwa vivuli, havina mwili. Cha pili kulikuwa na goblini saba chini.

Unakumbuka yule wa langoni? Ulimpa sauti. Alituuliza kama tumemwona ndugu yake. Tukamdanganya, tukapita, na tuliporudi akatupigia kengele, tukamuua. Nilikuwa nimesimama juu yake. Wenzangu wakaniambia ingia, tunahitaji mtu wa kupita kwa walinzi wengine. Nikasema nimechoka, nguvu zimeisha. Hazikuwa zimeisha. Sikutaka kuongea kwa koo la mtu aliyekuwa anamtafuta ndugu yake.

Kwa hiyo mkitafuta kinachoizuia klasi hii isile kila kitu, kwangu mimi kizuizi kipo. Sijui kama kinaweza kuandikwa.

#29 Fundi Dadu (mleta uzi)

Sikujua. Niliandika kwenye daftari langu "nguvu zimeisha", nikaongeza idadi ya matumizi kwa siku. Mabadiliko yangu ya tatu ya kanuni yote yalitokana na kikao hicho.

#30 Bint Karatasi

Nilipouliza kuhusu mzoga na maiti nilikuwa naongelea jina tu. Karibu sana, Asiye na Ngozi.

#31 Mzee wa Kanuni

Karibu. Naheshimu ulichofanya, tena sana. Lakini ningekuwa mimi nimekaa kwenye kiti chako ningeingia kwa yule goblini bila kusita, na mwingine atakayecheza klasi hii pia ataingia. Kanuni inaandikiwa mchezaji asiyejulikana. Huruma yako haiwezi kumsaidia msimamizi wa meza nyingine.

#32 Msimamizi wa Usiku

Inaweza. Weka kwamba mwili unakumbuka. Ukiingia kwa kiumbe mwenye akili, unapata kumbukumbu ya mwisho aliyokuwa nayo, utake usitake, na msimamizi anaisoma kwa sauti. Wa kusita atasita. Asiyesita atasikia.

#33 Nesi wa Mifupa

Hapo natofautiana nawe. Kumbukumbu iko kwenye ubongo, na ubongo ni wa kwanza kuharibika damu ikisimama. Wangekuwa wameua kwa kupiga kichwa je?

#34 Msimamizi wa Usiku

Basi wakipiga kichwa hapati kitu. Na kundi litajua hivyo, litaanza kupiga vichwa ili asisikie. Nadhani hilo nalo ni hadithi.

#35 Asiye na Ngozi

Turudi kwa troli, maana kesho kutwa tunaingia pangoni kwao na Fundi ameshatutisha. Troli linarudisha pointi 10 kila zamu yake, na halifi mpaka lifike sifuri huku moto au tindikali vikiwa vimezuia mwili kujiponya. Maana yake kila troli lililokufa kweli limeungua. Mimi nitapata troli zima lini?

#36 Mzee wa Kanuni

Hupati. Kanuni yenyewe imekufungia mlango. Utapata lililoungua, na majeraha yake yatawekwa alama kwenye karatasi ya Nesi.

#37 Tumbiri

Au anaingia kabla hawajalichoma. Kwenye NetHack, gemu ya zamani ya kompyuta, mizoga mingine inaoza na kupotea ndani ya zamu 250 hivi, lakini wa troli unaweza kuinuka wenyewe nyuma ya mgongo wako. Wachezaji wa zamani hawauachi hivi hivi.

#38 Asiye na Ngozi

Hilo ndilo ninalolitaka. Limefika sifuri, limelala, halijachomwa, naingia. Zamu yake ikifika linarudisha 10. Nami nimo ndani.

#39 Fundi Dadu (mleta uzi)

Mwenye nyumba amerudi na mpangaji yumo sebuleni. Naandika hivi: mnashindana kwa dadu ya pande 20, wewe kwa Haiba, lenyewe kwa Uimara, kila zamu, mpaka mmoja atoke.

#40 Mzee wa Kanuni

Haiba hapana. Haiba ni ya kuteka mwili wa aliye hai. Hapa ni Hekima, kujijua wewe ni nani wakati mwingine anaamka.

#41 Kaa Mtupu

Nami nasema wala si kushindana. Mwili ni wake. Unajiponya kwa ajili yake, na wewe uliye ndani ni kama kibanzi kilichoingia kwenye kidonda: mwili unaponya na kukusukuma nje kwa wakati mmoja. Kila pointi 10 linazopata, wewe unapoteza kitu.

#42 Asiye na Ngozi

Fundi, mimi nachukua ya Kaa. Usiniambie nitapoteza nini.

#43 Fundi Dadu (mleta uzi)

Sikwambii. Mwenye shoka ameuliza kama alete moto au asilete. Mjibu wewe.